Idd ya mtoto isiishie kwenye nguo mpya na soda



Ndugu msomaji, kila Idd inapokaribia hapa Shinyanga utawaona akina mama wamejaa sokoni. Wananunua mchele wa Kahama, viungo vya pilau, nyama na nguo za watoto. Hilo ni jambo jema, kwani Idd ni siku ya kula, kunywa na kumshukuru Mola. Swali langu leo ni moja tu: katika karamu yote hiyo, mtoto mdogo anakula nini?

Nauliza kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea. Miaka michache iliyopita tulikwenda kula Idd el Fitr kwa mdogo wangu huko Katoro, mkoani Geita. Nyumba ilijaa wageni. Mjukuu wangu, wakati huo akiwa na mwaka mmoja na miezi miwili, alikuwa akilia, nami nikamtia mkononi karanga za kukaanga ili anyamaze. Punde kilio kikakatika. Karanga ilikuwa imempalia, macho yamemtoka, sauti haitoki. Jirani mmoja akamnyakua, akamlaza kifudifudi mapajani, kichwa chini, akampiga kwa kiganja katikati ya mabega mpaka ikatoka. Alhamdulillah. Lakini pilau ya siku ile sikuijua ladha yake.

Tangu hapo nimekuwa nikiuliza na kujifunza, na niliyoyapata nayaweka mbele yenu.

Kwanza ni mtoto ambaye hajafikisha miezi sita. Huyu chakula chake cha Idd ni maziwa ya mama peke yake. Haonjeshwi sharbati wala mchuzi, na hata maji hayahitaji, isipokuwa dawa aliyoandikiwa na mganga hospitalini. Wageni husema, "Mwonjesheni na yeye Idd." Tuwajibu kwa upole kwamba anayekula pilau ni mama yake. Basi mama huyo asiachwe jikoni tangu alfajiri mpaka adhuhuri huku matiti yamejaa na mtoto analia. Surat al-Baqarah, aya ya 233, imetaja kunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, na papo hapo ikampa baba jukumu la chakula na mavazi ya mama. Akina baba, hapo mnahusika.

Pili ni mtoto wa miezi sita hadi mwaka mmoja. Huyu anaendelea kunyonya na anahitaji chakula laini mara mbili au tatu kwa siku, na kuanzia miezi tisa mara tatu au nne. Mkitaka ajue kuwa leo ni Idd, chemsheni kiazi lishe, kile cha rangi ya chungwa, mkiponde na maziwa yaliyochemshwa. Kisha ongezeni kijiko cha unga wa dagaa. Dagaa wetu wa Ziwa Victoria huondolewa vichwa, huoshwa mchanga wote, hukaangwa bila mafuta hadi wakauke, halafu husagwa laini. Kama ni Idd el Haj na nyumbani kumechinjwa, mchukulieni kipande kidogo cha ini, kiive sawasawa, kisagwe. Ini lina madini ya chuma yanayoongeza damu, na watoto wetu wengi wamepungukiwa damu. Ajabu ni kwamba ini hilo mara nyingi huliwa na wachinjaji kabla halijafika ndani.

Tatu ni mtoto aliyevuka mwaka. Huyu anaweza kula chakula cha nyumba nzima, ila apakuliwe kwenye sahani yake mwenyewe kabla ya kutiwa pilipili na chumvi nyingi. Akichangia sinia na wakubwa, wenye mikono mikubwa humaliza nyama. Tambi za Idd mpikieni kwa maziwa, na badala ya sukari tieni tende zilizotolewa kokwa na kurowekwa, au ndizi mbivu iliyopondwa. Karanga apewe zilizosagwa. Kipande cha papai au embe ni bora kwake kuliko soda, ambayo humjaza sukari akakikataa chakula.

Yapo pia ya kuepuka. Karanga nzima, bisi, pipi ngumu na tende yenye kokwa visimkaribie mtoto mdogo. Asali, pamoja na sifa zake zote katika Qur'an, asipewe aliye chini ya mwaka mmoja, maana huweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake haliwezi kuvishinda, vikamlegeza viungo hata pumzi. Na kiporo cha pilau kilicholala nje ya jokofu kisiwe kifungua kinywa chake siku ya pili.

Sasa nizungumze na ndugu zangu wa Geita, Nyarugusu, Kakola na kwingineko kwenye dhahabu. Siku ya Idd tunaazimana masufuria na makarai. Chombo kilichowahi kutumika kukamatishia dhahabu kwa zebaki, au kuichomea, kisirudi jikoni kamwe, hata kikisuguliwa kwa jivu na sabuni. Wala zebaki isichomwe ndani ya nyumba au kwenye jiko la chakula. Mvuke wake hauonekani, lakini huharibu ubongo wa mtoto na wa aliye tumboni. Huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa wa zebaki ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, walizaliwa watoto wenye ulemavu kwa sababu mama zao walikula samaki wenye sumu hiyo. Mama mjamzito akae mbali na kazi hiyo, na mchimbaji avue nguo za kazini kabla ya kumbeba mwanawe.

Ndugu zangu, utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kati ya kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Sisi tunaishi penye mchele, maziwa, dagaa na dhahabu. Hatuwezi kusema kila aliyedumaa kwetu amekosa chakula. Wengine chakula kilikuwepo, ila hakikufika kwenye sahani yao.

Mjukuu wangu sasa anakwenda madrasa. Kila Idd namtangulizia sahani yake kabla ya mgeni yeyote. Wageni wanasubiri, na hakuna aliyewahi kukasirika.