Upatanisho wa Kisarufi Uliojificha: Matini kuhusu Sayari Neptuni

Soma matini ifuatayo kwa sauti, bila kuruka tarakimu hata moja.

Neptuni ni sayari ya nane kutoka kwenye Jua, na ndiyo ya mwisho. Haionekani kwa macho matupu. Iligunduliwa Berlin tarehe 23 Septemba 1846, baada ya Mfaransa Urbain Le Verrier kukokotoa mahali ilipopaswa kuwa. Johann Galle alielekeza darubini huko, akaiona karibu sana na mahali hapo. Hulizunguka Jua kwa muda wa miaka 165 hivi, kwa umbali wa wastani wa kilomita bilioni 4.5. Ina miezi 16 inayojulikana. Mkubwa kuliko yote ni Tritoni, ambao huizunguka Neptuni kinyume na mwelekeo ambao sayari hiyo inajizungukia. Chombo kimoja tu, Voyager 2, ndicho kilichoipita kwa karibu, tarehe 25 Agosti 1989.

Majina Neptuni na Tritoni yote ni ya kigeni, lakini hayapatanishwi kwa namna moja. Neptuni hufuata nomino sayari (I-ZI): iligunduliwa, ina. Tritoni hufuata mwezi (U-I), ndiyo maana tumeandika ambao. Mwanachuo anayeingiza kila jina geni katika I-ZI ataandika ambayo, na hapa hilo ni kosa. Kirundi humsaidia mwanafunzi wetu kwenye Jua, kwa kuwa izuba lina ri- inayolingana na li-. Kwenye mwezi hakimsaidii: ukwezi huchukua ku-, na wingi wake ni amezi.

Ugumu zaidi umo katika neno hulizunguka. Wengi hulichanganua wakidai kwamba -li- ni kiambishi cha wakati uliopita. Sivyo. Hu- huonyesha mazoea na haiambatani na kiambishi cha kiima; -li- ni yambwa, nayo inasimamia Jua. Basi Neptuni haina alama yoyote katika kitenzi hicho. Mwalimu anayetaka kupima upatanisho kwa sentensi zenye hu- hapimi chochote.

Tarakimu nazo huficha. Miaka 165 husomwa miaka mia moja sitini na mitano, si na tano. Miezi 16 haina tatizo, kwani sita haibadiliki. Angalia pia kwamba tunasema miezi minane, lakini mwezi wa nane.

Neno moja kuhusu jina lenyewe. Zuhura, tuionayo baadhi ya jioni juu ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, ina jina lililotoka Kiarabu, kama Mirihi, Mshtarii na Zohali. Neptuni haikuonekana na wahenga, hivyo hawakuipa jina. Orodha nyingine huiita Kausi, lakini hilo ni jina la buruji ya Mshale. Mimi nashauri Neptuni.

Zoezi

1. Andika upya matini, ukibadili hu- kuwa -na- na tarakimu zote kuwa maneno. Pigia mstari kila kiambishi cha kiima kilichojitokeza.

2. Baada ya Voyager 2 kupita, miezi ya Neptuni iliyojulikana ilikuwa 8. Sayari hiyo pia ina pete 5. Tunga sentensi moja yenye idadi zote mbili kwa maneno, kisha eleza kwa nini idadi moja imechukua kiambishi na nyingine haikuchukua.