Kukesha Berlin Wakati wa Baridi: Vidokezo kwa Wapenda Klabu

Mwezi Desemba jua la Berlin linazama kabla ya saa 10 jioni, na halichomozi tena mpaka saa 2 na robo asubuhi. Mgeni aliyetoka Mombasa au Dar anaweza kuliona giza hilo akaamua kujifungia ndani na blanketi lake. Asifanye hivyo. Kiangazi watu hutawanyika kwenye bustani za klabu na kingo za mto Spree. Baridi ikibisha hodi wote wanahamia ndani, na ndani ndiko muziki uliko. Hakuna msimu mzuri kuliko huu wa kuijua Berlin ya usiku. Ni kujipanga tu.

1. Vaa kwa ajili ya foleni, kisha kwa ajili ya ukumbi

Foleni unaweza kuisimamia saa nzima au zaidi, nje kukiwa nyuzi sifuri au chini yake. Ukiingia ndani, joto lake ni la Dar mwezi Februari. Kwa hiyo panga nguo juu ya nguo: fulana nyepesi chini, sweta katikati, koti zito la kufika mapajani juu. Soksi ziwe za sufu na viatu viwe na soli nene, maana baridi ya kusimama inapandia miguuni. Suti na viatu vya visigino virefu waachie watu wa harusi. Berlin inapenda nguo nyeusi, rahisi, zinazokuacha ucheze. Na usisahau fulana kavu ya akiba. Kutoka nje asubuhi ukiwa umelowa jasho ni kujitakia homa.

2. Mjue mtunza makoti

Karibu kila klabu ina mahali pa kuhifadhi makoti kwa euro chache. Kabla hujalikabidhi koti lako, sukumia skafu, kofia na glavu zote ndani ya mkono mmoja wa koti, hivyo hakuna kitakachodondoka. Pasipoti, pesa na simu baki navyo. Utapewa namba, itie kwenye mfuko wenye zipu, kwa sababu ukiipoteza utasubiri mpaka wenzako wote wachukue makoti yao. Beba pia noti ndogo na sarafu. Bado kuna milango na baa ambazo kadi yako ya benki haitakusaidia.

3. Lala Jumamosi, nenda Jumapili

Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda kuliko vyote. Berlin Magharibi iliondoa saa ya lazima ya kufunga baa mwaka 1949, na tangu hapo mji haujatazama nyuma. Pale Berghain, klabu iliyofunguliwa mwaka 2004 ndani ya kituo cha zamani cha kufua umeme, shughuli huanza Jumamosi usiku na kuendelea hadi Jumatatu asubuhi. Wenyeji wengi hulala usingizi wao wa Jumamosi, wakaamka, wakanywa kahawa, wakaoga, ndipo wakaenda Jumapili mchana wakiwa na nguvu zao zote.

Ukibahatika kuingia, panda ghorofani Panorama Bar. Madirisha yake yana vipazia, na muziki ukifika pale penyewe, vinafunguliwa ghafla kwa muda mfupi sana. Mwanga unawamwagikia wachezaji, ukumbi mzima unapiga kelele, kisha vinafungwa. Katika nchi ambayo wiki nzima hujaliona jua, wale watu wanaoshangilia mwanga wa dirishani unawaelewa kabisa.

4. Mlangoni, kuwa wewe

Mabaunsa wa Berlin wana sifa duniani. Sven Marquardt wa Berghain, kwa mfano, ni mpiga picha anayeheshimika na uso wake umejaa tatuu. Nendeni wawili au watatu, si kundi la kumi. Msifike mmelewa, msipige makelele kwenye foleni, na jueni nani anapiga muziki siku hiyo. Beba pasipoti halisi. Ukiambiwa hapana, hutapewa sababu. Sema asante, nenda klabu nyingine.

Ila nisiwafiche: wapo Waafrika na Waarabu waliorudishwa milangoni kwa sababu ya rangi au sura zao tu. Ujerumani ina sheria ya mwaka 2006 inayokataza ubaguzi wa namna hiyo, na watu wamewahi kufungua kesi dhidi ya klabu na kushinda. Ukiona hilo ndilo lililotokea, andika saa, mahali na majina ya mashahidi siku ileile.

5. Anza na Tresor uijue historia

Ukuta wa Berlin ulianguka Novemba 1989, ukaacha upande wa mashariki majengo mengi yasiyo na mwenyewe. Mwaka 1991 Dimitri Hegemann na wenzake wakafungua Tresor ndani ya chumba cha hazina, chini ya ardhi, pale lilipokuwa duka kubwa la Wertheim. Muziki uliojaza chumba kile haukuzaliwa Ujerumani. Tekno ilitengenezwa na vijana weusi wa Detroit: Juan Atkins, Derrick May, Kevin Saunderson, kisha akina Jeff Mills na Mike Banks wa Underground Resistance, ambao rekodi zao Tresor yenyewe ilizitoa. Kwa hiyo Mwafrika anayeingia pale asijione mgeni wa kualikwa.

Klabu ilifungwa hapo mwaka 2005, ikafunguliwa tena 2007 ndani ya kituo kingine cha zamani cha umeme, barabara ya Köpenicker. Sehemu ya vyuma vya hazina ya zamani ilihamishwa nayo. Shuka chini ukavione.

6. Simu mfukoni

Klabu nyingi hubandika stika kwenye kamera ya simu yako mlangoni. Usiibandue. Watu huja hapa kucheza bila kuogopa kuonekana kesho kazini.

7. Pombe na baridi si marafiki

Pombe inakudanganya kwamba una joto, kumbe mwili unalipoteza. Mtu aliyelewa akisinzia kwenye benchi usiku wa Januari anaweza asiamke. Ukimkuta mtu hivyo, mwamshe. Asipoamka, piga 112. Ndani, kunywa maji kati ya glasi na glasi, usipokee kinywaji ambacho hukukiona kikimiminwa, na mtu akikusumbua mwambie mhudumu wa baa mara moja.

8. Njia ya kurudi

Usiku wa Ijumaa na Jumamosi treni nyingi za mjini hutembea usiku kucha. Siku nyingine za wiki kuna mabasi ya usiku. Maduka makubwa karibu yote hufungwa Jumapili, basi nunua Jumamosi mkate na mayai ya kula ukirudi. Mkesha wa mwaka mpya chukua tahadhari ya pekee: fataki hurushwa mitaani ovyo, kwa hiyo fika klabu kabla ya saa 4 usiku, utoke kumekucha.

9. Toka nje ya tekno

Karibu na kituo cha Ostbahnhof kuna YAAM, iliyoanza mwaka 1994 kama soko la sanaa la vijana wa Kiafrika. Hapo utasikia rege, dancehall na afrobiti. Singeli ya Dar nayo imeshafika kwenye klabu za Ulaya kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Na kila mwaka, mwishoni mwa Januari kuingia Februari, tamasha la CTM hukusanya wasanii wa muziki wa majaribio kutoka mabara yote katika kumbi mbalimbali za mji. Kama una uhuru wa kuchagua wiki ya kusafiri, chagua hiyo, na utazame ratiba kabla hujakata tiketi ya ndege.