Jangwa Lililo Juu ya Kilimanjaro

Katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, kati ya mita 4,000 na 5,000 hivi, kuna jangwa la mawe na vumbi. Joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kila mita 1,000 za kupanda. Mjini Moshi, penye mita 800 hivi, likiwa nyuzi 30, kwenye mita 4,800 hukadiriwa kuwa nyuzi 6 tu. Hewa ya huko ni nyepesi na kavu: mchana haizuii vema miali ya jua ichomayo ngozi, usiku haizuii joto la ardhi kupotea, hata maji huganda. Hivyo kiangazi, Juni hadi Septemba, msafiri hana budi kuchukua kofia pamoja na nguo za sufu. Masika, Machi hadi Mei, aongeze koti lisilopenya maji. Mwili uliolowa hupoteza joto upesi, na baridi hiyo yaweza kuua.

Zoezi: Kadiria joto la siku hiyo kwenye mita 3,800.