Somo la 14: Lugha Mbili, Kichwa Kimoja



Mfikirie mama anayeuza maharage sokoni Mazwi. Anazungumza na shangazi yake kwa Kifipa. Mara anakuja mnunuzi kutoka Mbeya. Mama anamgeukia na kumtajia bei kwa Kiswahili. Je, kichwa chake kinafanyaje kazi hiyo?

Kazi hiyo hufanywa na ubongo. Sikio hupokea sauti, lakini ubongo ndio unaotambua maana. Ulimi hutamka, lakini ubongo ndio unaouamuru.

Mwaka 1861 daktari wa Ufaransa, Paul Broca, alimwona mgonjwa aliyeelewa maneno ya watu. Lakini yeye mwenyewe aliweza kutamka silabi moja tu: "tan". Mgonjwa alipofariki, Broca aliuchunguza ubongo wake. Aliona umeharibika upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Leo tunajua kwamba kwa watu wengi, kazi kubwa ya lugha hufanyika upande huo wa kushoto.

Basi Kifipa kinakaa wapi, na Kiswahili wapi? Hakuna chumba cha Kifipa na chumba cha Kiswahili. Kwa sehemu kubwa lugha zote mbili hutumia mahali pamoja. Unaposema lugha moja, ile ya pili haijalala. Ubongo huizuia, isubiri zamu yake. Ndiyo maana mara nyingine neno la Kifipa hukuponyoka katikati ya Kiswahili. Huo si ujinga.

Wazazi wengine huogopa. Husema, "Tukimsemesha mtoto Kifipa, atashindwa Kiswahili cha shule." Hofu hiyo haina msingi. Lugha hazigombanii kichwa kama ndugu wanaogombea shamba. Mtoto anayesikia lugha mbili kila siku anaweza kuzijua zote mbili. Pengine mwanzoni atachanganya maneno. Pengine atajua maneno machache zaidi katika kila lugha. Lakini ukijumlisha maneno ya lugha zote mbili, kwa kawaida hayuko nyuma ya wenzake.

Lakini lugha asiyoisikia haitamwingia. Ukiacha kumsemesha Kifipa, ataongea nini na bibi yake asiyejua Kiswahili vizuri? Nani atamweleza mambo ya ukoo wake?

Liko jambo jingine la kukumbuka. Kiharusi huharibu ubongo. Mtu akipinda mdomo ghafla, au mkono ukilegea, au maneno yakimpotea, usingoje hata saa moja. Mpeleke hospitali upesi. Mgonjwa wa lugha mbili aweza kupoteza zote mbili. Wengine hurudiwa na lugha moja kabla ya nyingine. Basi msemeshe kwa upole, kwa lugha ile anayoiitikia. Usidhani kwamba akili imemtoka. Pengine anaelewa, ila maneno hayatoki.

Na wewe uliyejifunza kusoma ukubwani, ubongo wako nao umebadilika. Sasa unazitambua herufi kwa haraka. Ubongo wa mtu mzima bado unajifunza.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini neno la lugha moja huponyoka tunaposema lugha nyingine?
2. Nyumbani kwako watoto wanasikia lugha zipi? Nani anawasemesha?
3. Mtu akipotewa na maneno ghafla, utafanya nini kwanza?