SOMO: Kampuni Ikianguka, Pensheni Iko Mkononi mwa Nani?



Katika mikutano ya matawi mara nyingi tunalaumu mashine mpya. Mashine ya kuchuma chai imeingia shambani, watu wamepunguzwa. Mtambo mpya umefungwa kiwandani, zamu moja imeondolewa. Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini leo tutazame mbali kidogo, kwenye viwanda vya mitambo ya simu. Tutaona kwamba pamoja na mashine yako mambo mengine mawili ya kuchunguza: mwajiri anazitumiaje fedha, na fedha zetu za uzeeni zimewekwa wapi.

1. Kampuni ya Nortel

Kampuni hii ilianza mjini Montreal, nchini Kanada, mwaka 1895. Ilitokana na kampuni ya simu ya Bell Canada, na kazi yake ilikuwa kutengeneza simu na mitambo ya kuziunganisha. Mtambo wa namna hii hukaa katikati na kumfikisha mpigaji kwa yule anayempigia. Mitambo ya zamani ilikuwa na vyuma vinavyocheza na nyaya maelfu kwa maelfu. Kazi ilihitaji mikono mingi.

Mwaka 1976 kampuni ilitangaza kwamba itatengeneza mitambo ya kidijitali, yaani ile inayogeuza sauti kuwa tarakimu na kuongozwa na kompyuta. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Nortel iliwatangulia wenzake wengi na ikapata soko kubwa Marekani. Tuliangalie jambo hili vizuri: ufundi ulibadilika kabisa, na kampuni ikakua.

2. Tamaa

Katika miaka ya 1990 intaneti ilienea. Kila kampuni ya simu ilitaka nyuzi za kioo, ambazo hupitisha mazungumzo na habari kwa mwanga. Nortel ilikuwa hodari katika kazi hiyo. Lakini wakubwa wake hawakutosheka. Walianza kununua kampuni nyingine mbio mbio. Mwaka 1998 walinunua Bay Networks ya Marekani kwa dola zaidi ya bilioni 9. Malipo makubwa yalikuwa kwa hisa, yaani vipande vya umiliki wa kampuni yao wenyewe. Bei ya hisa ilipopanda, walinunua zaidi.

Tena waliwakopesha wateja fedha za kununulia mitambo yao. Mwenye duka akimkopesha mteja asiye na kitu, daftari lake litaonyesha mauzo mazuri, lakini sanduku lake ni tupu.

Mwezi Julai 2000 hisa moja ilifika dola 124 za Kanada. Wafanyakazi walikuwa zaidi ya 90,000 duniani. Halafu ikaonekana kwamba nyuzi zilizotandazwa zimezidi mahitaji, na wateja wengi wakaishiwa fedha. Mwaka 2002 hisa ilishuka chini ya dola 1, na kufikia mwisho wa mwaka huo wafanyakazi hawakufika 40,000. Mwaka 2004 kampuni ilikubaliana na Flextronics iichukue sehemu kubwa ya kazi ya viwanda iliyobaki.

3. Nani alilipa?

Tarehe 14 Januari 2009 Nortel ilikwenda mahakamani kuomba ulinzi dhidi ya wadai wake. Hapo ndipo wafanyakazi walipoujua ukweli.

Walioachishwa kazi Kanada waliambiwa malipo yao yangoje kwenye foleni moja na wadai wengine. Mfuko wa pensheni ulikutwa na upungufu, na wastaafu wengi wakapunguziwa pensheni. Walioumia zaidi ni wagonjwa na walemavu, watu kama 400, waliokuwa wakipokea posho. Kampuni haikuwa imewakatia bima. Iliahidi kuwalipa yenyewe. Mwisho wa mwaka 2010 posho hiyo ilikatika. Wakati huo huo mahakama ziliruhusu baadhi ya wakubwa walipwe mamilioni ya dola ili wasiondoke.

Je, mali haikuwapo? Ilikuwapo. Mwaka 2011 haki za uvumbuzi wa kampuni, kama 6,000, ziliuzwa kwa dola bilioni 4.5 kwa kundi la kampuni zikiwamo Apple na Microsoft. Uvumbuzi huo ulikuwa jasho la wafanyakazi. Lakini wadai wa Kanada, Marekani na Uingereza walishindana juu ya mgawo, na malipo makubwa yalianza mwaka 2017. Mawakili na washauri walikuwa wamekwisha kulipwa zaidi ya dola bilioni 1. Wastaafu wengine walikuwa wamekwisha kufa.

Wastaafu hawakukaa kimya. Waliungana, wakaenda mahakamani na bungeni. Vyama vya wafanyakazi navyo viliendelea kudai miaka mingi. Mwezi Aprili 2023 Kanada ilipitisha sheria kwamba kampuni ikifilisika, upungufu wa mfuko wa pensheni ulipwe kabla ya wadai wengi wengine. Kwa mifuko iliyokuwapo tayari, kipengele hicho kilipangiwa kuanza kutumika Aprili 2027. Watu wa Nortel haikuwafaa, lakini wanaokuja nyuma itawafaa.

4. Tunajifunza nini?

Fedha ya uzeeni ni mshahara wetu ambao bado hatujaupokea. Ikikaa mkononi mwa mwajiri, naye akicheza kamari na kampuni, anacheza na mshahara wetu. Tusingoje kampuni ianguke ndipo tuulize. Kila tawi lijadili maswali haya:

(a) Makato yetu ya kila mwezi yanafika kwenye mfuko unaohusika? Nani kati yetu ameona stakabadhi?

(b) Kiinua mgongo chetu kimeandikwa katika mapatano na kuwekewa fedha, au ni ahadi ya mdomo?

(c) Mwenzetu akiumia kazini, analipwa na bima au anategemea huruma ya mwajiri?

(d) Mashine mpya ikitaka kuletwa, chama kinaarifiwa kabla au baada?

(e) Shamba au kiwanda kikiuzwa, miaka yetu ya kazi inahesabiwa na mwajiri mpya?

Katibu wa tawi ayaandike majibu na kuyaleta kwenye mkutano ujao. Pale ambapo jibu ni "hatujui", hapo ndipo tuanze kazi.