Bodi ya TDA2030A: Amplifaya ya Kuunda Mwenyewe Nyumbani

Katika maduka ya vipuri vya redio, Kariakoo kwa mfano, utapata bodi ya amplifaya ya stereo inayouzwa bado haijaunganishwa: bodi tupu, rezista, kapasita na aisii mbili za TDA2030A, vyote katika mfuko mmoja. Kwa anayeanza, mimi humshauri aanze na hii. Aisii yake ina miguu mitano tu, na ndani ina kinga dhidi ya joto kali na shoti. Ikipewa volti 16 chanya na 16 hasi, hutoa wati 12 hivi kwenye spika ya omu 8, au 18 kwenye spika ya omu 4. Kwa sebule zinatosha sana. Ukikuta bodi hiyohiyo imeandikwa wati 100, usizilipie, maana hazimo.

Kulehemu ndiko kunakoogopwa, na kumbe ndiko kwepesi. Anza na vipuri vifupi, yaani rezista, kisha kapasita ndogo, kisha ndefu. Pasha moto mguu wa kipuri pamoja na bodi, halafu ndipo uguse kwa risasi. Ikiyeyuka na kung'aa kama tone la maji, imeshika. Kila rezista ipime kwa mita kabla ya kuichomeka, usitegemee rangi peke yake. Zipo mbili zinazoamua amplifaya hii inakuza sauti mara ngapi: ya kilo-omu 22 na ya omu 680. Zikiwa mahali pake, sauti hukuzwa mara 33 hivi. Ukizibadilisha nafasi, ukuzaji hushuka karibu na mara moja, na aisii hii haitulii ikikuza kidogo namna hiyo: huanza kutetema kwa mawimbi usiyoyasikia, ikachemka huku spika iko kimya. Fundi asiyejua hilo atabadilisha aisii tatu bure.

Aisii ziache mwisho. Zifunge kwanza kwenye bamba la alumini la kupoozea, kisha ndipo ulehemu miguu, ili isivutwe unapokaza skrubu. Na hapa kuna jambo lililonigharimu. Mgongo wa chuma wa TDA2030A umeunganishwa na mguu wa tatu, ambao katika mfumo wa umeme wa pande mbili ni upande hasi. Amplifaya yangu ya kwanza niliikaza bila kuweka kipande cha mika, bamba likagusa sanduku la chuma lililounganishwa na ethi, na daiodi zikaungua kabla sijasikia hata noti moja. Weka mika, weka bushi ya plastiki kwenye skrubu, kisha pima kwa mita kati ya mgongo wa aisii na bamba: kusiwe na mguso wowote.

Sasa umeme, ambao ndio kazi yenyewe. Tafuta transfoma ya 12-0-12. Hata iliyotolewa kwenye redio mbovu inafaa, mradi iwe nzito, ya VA 60 hivi. Usishangae mita ikikuonyesha volti 16 hadi 18 kila upande baada ya daiodi. Umeme wa AC wa volti 12 una kilele cha karibu 17, na kapasita hujaa mpaka kwenye kilele hicho. Kwa hiyo nunua kapasita za volti 35, na hakikisha aisii ina herufi A mwishoni: hiyo huvumilia hadi volti 22 kila upande, ilhali TDA2030 ya zamani mwisho wake ni 18. Kwenye upande hasi, mguu chanya wa kapasita ndio unaoelekea sifuri. Ukiugeuza, kapasita hupasuka.

Nyaya zote za sifuri, za spika, za bodi na za sanduku, zikutane mahali pamoja, katikati ya zile kapasita mbili kubwa. Mvumo unaosikika spika zikiwa hazina muziki mara nyingi hutokana na sifuri zilizounganishwa ovyo, au waya wa kuingiza sauti uliopita karibu na transfoma.

Upande wa volti 230 usiufanyie mzaha hata kidogo. Funika kila kiungio, weka fyuzi ya nusu ampea kwenye waya wa moto, na sanduku la chuma lipewe ethi ya kweli. Kisha, kwa kuwasha mara ya kwanza, unganisha globu ya wati 40 au 60 kwa mfululizo na waya huo wa moto. Iwe globu ya kizamani ya uzi, si ya LED. Ikimulika mara moja kisha ikafifia, mambo ni sawa. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti: zima, chomoa plagi, subiri kapasita ziishiwe umeme, utafute.

Spika bado usiziunganishe. Weka mita kwenye DC, upime pale spika zitakapokaa. Milivolti chache, hata 50, hazina neno. Ukikuta volti kadhaa, rudi kwenye bodi, kwa sababu volti hizo zitachoma koili ya spika kwa dakika chache.

Vipimo vikikubali, ondoa globu, unganisha spika ya bei rahisi, upige muziki kwa sauti ya chini saa nzima. Halafu gusa bamba la kupoozea. Kidole kikivumilia sekunde tano bila kuungua, funga kifuniko. Kisipovumilia, tafuta bamba kubwa zaidi leo hiihii, kabla hujaongeza sauti.