Diski ya Mgongo Kuchomoza Tena: Picha Husema Nini?

Anayebeba magunia ya miraa Igembe na anayechuma majani chai Runyenjes wote hutegemea kiuno. Aliyefanyiwa upasuaji wa diski huuliza jambo moja: je, itarudi?

Kati ya pingili za mgongo kuna diski, yenye ukuta mgumu nje na ute mzito ndani. Ukuta ukipasuka, ute huchomoza na kubana neva, na maumivu huteremka mguuni. Wengi hupata nafuu baada ya wiki kadhaa bila upasuaji. Kati ya wagonjwa 100 wanaopasuliwa, takriban 5 hadi 15 diski ileile huchomoza tena.

Dalili za hatari ni zipi? Ya kwanza ni ukubwa wa tundu. Utafiti wa Marekani wa mwaka wa 2003 uligundua kuwa waliokutwa na tundu pana wakati wa upasuaji, 27 kati ya 100 walirudiwa. Wenye ufa mwembamba, 1 tu. Ya pili huonekana kwenye eksirei ya kuinama na kujinyoosha: pingili zinazocheza sana, hasa diski ikiwa bado nene. Sigara na kisukari huongeza hatari.

Hata hivyo, picha peke yake si hukumu. Uchambuzi wa tafiti wa mwaka wa 2015 ulionyesha kuwa kati ya watu 100 wa miaka 50 wasio na maumivu yoyote, takriban 60 wana diski iliyovimba. Daktari hulinganisha picha na dalili zako kabla ya kuamua.

Maumivu yakirudi baada ya upasuaji, MRI yenye dawa ya kung'arisha inayodungwa mshipani husaidia kutofautisha kovu na diski iliyochomoza upya. Kwa hivyo tunza picha na ripoti zako za awali, uende nazo kliniki. Usirudie kubeba mizigo kabla daktari hajakuruhusu.

Ukishindwa kuzuia mkojo au choo, ukipata ganzi sehemu za siri, au mguu ukilegea ghafla, usisubiri siku ya kliniki. Fika siku hiyohiyo katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Meru, hospitali ya rufaa ya Embu au hospitali iliyo karibu. Kuchelewa kunaweza kuleta ulemavu wa kudumu.